Historia ya Kaka Yetu, Mzee Mfuniko, Aliyefunga Barabara za Mashindano na Kuzifungua

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Mei 1985, saa moja asubuhi, kijana wa miaka ishirini na saba, aliyevaa fulana ya kazi iliyomzidi mabega, alisimama katikati ya barabara inayopita mbele ya posta, akainua mkono wa kulia, basi la kwanza likasimama, teksi ikasimama nyuma yake, muuza magazeti akashuka kwenye baiskeli yake kuangalia kulikoni, na kwa mara ya kwanza tangu lami imwagwe mahali pale, barabara ile ikanyamaza. Kijana huyo ndiye kaka yetu, ambaye mwili wake umelazwa hapa mbele yetu leo, na sisi ndugu zake tunaona kwamba maisha yake yalishika njia nyingine saa ile, kwa kuwa kazi aliyoipenda, mke aliyemwoa, na hamu iliyomkaa moyoni mpaka mwisho, vyote alivipata kwenye barabara alizozifunga.

Wapendwa waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na viongozi wetu wa dini, familia imemkabidhi mdogo wake anayemfuata kuzaliwa kazi ya kuisoma historia hii, na mtamwia radhi akisoma polepole, maana marehemu mwenyewe hakupenda mtu wa kumharakisha.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, karibu na kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mpiga lipu na mama mfua nguo. Mama yetu, ambaye naye ametangulia, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hapiti shimo bila kulichungulia, na zaidi ya mara moja alichelewa kurudi kutoka dukani kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wamefukua njia, naye akabaki amechuchumaa ukingoni, chumvi mkononi, akitazama kilichopo chini ya mahali watu wanapokanyaga kila siku.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi mwaka 1975, na humo darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila ndiye aliyekabidhiwa funguo za darasa, na hakuna siku ambayo mlango ulikutwa wazi. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea ujenzi wa barabara, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1978, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa katika idara ya barabara ya manispaa, kwenye kikosi cha kuziba mashimo, akaitumikia idara hiyo hiyo mpaka siku ya kustaafu.

Mwaka 1985 wakubwa waliamua kwamba mashindano ya magari yafanyike katikati ya mji, kwenye barabara zile zile ambazo watu huzipita kwenda kazini, sokoni na hospitali, na kwa kuwa vijana wengi wa leo hawajui kazi hiyo ilivyo, familia imeomba ielezwe kidogo. Magari yale hutambaa chini karibu kugusa lami, kwa hiyo matuta yote hung'olewa, taa za njia panda hushushwa, bustani ya katikati huondolewa pamoja na maua yake, ukuta wa vipande vya zege hupangwa pande zote mbili kwa kreni, juu yake huwekwa wavu wa chuma, na kwenye kona hufungwa matairi makuukuu ili atakayepotea njia apate mahali laini pa kugonga. Halafu ipo mifuniko ya chuma ya mashimo ya maji machafu, ambayo sisi wengine tunaikanyaga bila kuiona, lakini gari la mashindano likipita juu yake huvuta hewa kwa nguvu na kuinyanyua kama mfuniko wa sufuria inayochemka, kwa hiyo kila mmoja lazima uchomelewe, na baada ya mashindano ukatwe tena, maana chini yake wako mafundi wanaohitaji kushuka.

Kazi ya mifuniko ndiyo aliyopewa kaka yetu, naye akaifanya kwa namna yake, akipita na nondo fupi, akigonga kila mfuniko, akiinama kusikiliza, na ukitoa sauti ya kutikisika anamrudisha mchomeleaji bila maneno mengi, mpaka mchomeleaji mmoja akasema, "Huyu jamaa mwisho atataka tumchomelee na yeye," na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti, akawa Mfuniko, baadaye Mzee Mfuniko, na wajukuu wake wanaitwa mpaka leo watoto wa kwa Mfuniko.

Katika mwaka ule wa kwanza walifanya kosa ambalo wafanyakazi wenzake waliopo hapa hawajaacha kulicheka. Waliupanga ukuta kwa uangalifu mkubwa, kipande kwa kipande, mpaka mzunguko ukafungika wote, wakashuka, wakafuta jasho, wakapeana mikono, ndipo dereva wa kreni, huyu tunayemwita Taratibu, alipouliza kwa upole, "Jamani, na mimi natokea wapi?" Kreni ilikuwa ndani, njia zote zilikuwa nje, na wakubwa wakasema ukuta haufunguliwi tena kwa ajili ya mtu yeyote, kreni iegeshwe kwenye uwanja mdogo uliopo, na kaka yetu, kwa kuwa ndiye aliyesimamia kufunga, abaki akiilinda hadi mashindano yaishe.

Uwanja ule ulikuwa mbele ya duka la ushonaji, dogo, la mlango mmoja wa buluu, na mwenye duka alikuwa binti aliyeshonea watu sare za shule, ambaye alifungua mlango asubuhi akakuta kreni imemzibia mwanga wote wa cherehani. Alimtazama kaka yetu kuanzia viatu mpaka kofia, akamwuliza, "Kaka, wewe ni fundi gani unayejifungia ndani ya kazi yako mwenyewe?" Kaka yetu akasogeza kreni, kwa maana alimwita Taratibu aisogeze, na yule binti akasema bado, ikasogezwa tena, akasema bado, na Taratibu anashuhudia kwamba kreni ile ilisogezwa asubuhi yote mpaka akatambua kuwa hawa wawili hawazungumzii mwanga tena.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1986, mbele ya Mungu na mbele ya ndugu wa pande zote mbili, Taratibu akiwa msimamizi, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1988, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1992, ambaye ni fundi umeme, kisha wajukuu watatu, na wote wapo hapa.

Mashindano yakawa ya kila mwaka, kila mwezi wa tano, na kwa wafanyakazi wa barabara palizuka desturi waliyoiita Alhamisi ya Miguu. Barabara zikishafungwa na kabla gari hata moja halijawashwa, Alhamisi alasiri, kikosi kilizunguka njia nzima kwa miguu kuikagua, na mkuu wao wa wakati ule aliruhusu kila mtu aje na familia yake, akisema kwamba wake na watoto wamewakosa hawa watu kwa wiki nyingi, basi angalau wajue walikuwa wapi. Ndipo watu walipotembea katikati ya barabara, katikati kabisa, mahali ambapo siku nyingine ukisimama kidogo unatukanwa na dereva na mama yako anatajwa, watoto wakilala chali juu ya mstari mweupe, wazee wakizungumza bila kupaza sauti, na ukitulia ulisikia redio ya mtu kwenye ghorofa ya tatu na kijiko kikigonga kikombe.

Kaka yetu na shemeji yetu hawakukosa Alhamisi hata moja. Yeye alitembea akiangalia chini, anagonga, anainama, na mkewe alitembea akiangalia juu, kwenye madirisha, akikosoa mapazia ya watu, hili pindo limekwenda upande, lile kitambaa chake kizuri, kaharibu mshonaji, naye kaka yetu bila kuinua kichwa humwambia, "Mama, waache watu na mapazia yao," na shemeji humjibu, "Nawe waache watu na mashimo yao." Watoto wao wanasema walilelewa katikati ya sauti hizo mbili, mmoja anasimulia ya chini, mwingine ya juu, na wao hapo kati waliona mji wote.

Lazima isemwe pia kwamba kaka yetu hakujivunia sana kufunga, alijivunia kurudisha. Mashindano yakiisha Jumapili, watu wakienda kulala na masikio yanayovuma, kikosi chake kilianza kung'oa, na alitaka mama anayevuka na mtoto Jumatatu asubuhi akute pundamilia pale pale alipoiacha, tuta pale pale, na bustani ya katikati na maua yake, hata kama maua yenyewe yalikuwa yamenuna. Na kila mwaka kabla ya kufunga alibisha hodi kwenye kila mlango ulio ndani ya ukuta, akauliza kuna mgonjwa, kuna mjamzito, kuna mzee asiyeweza kupanda ngazi za daraja la miguu la kuvukia ukuta, na aliyekuwepo alitafutiwa pa kukaa nje mapema, na wapo watu katika umati huu ambao mama zao walijifungua salama kwa sababu ya hodi hiyo.

Siku ya Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2014, shemeji yetu alifariki kwa ugonjwa wa saratani, baada ya kuugua kwa karibu mwaka mzima, na kaka yetu, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, hakulia hata siku hiyo, ila alikaa kwenye kiti cha cherehani mpaka watu wakaondoka. Mwaka uliofuata aliikagua njia peke yake, akiwa na nondo yake, na Taratibu anasema alitembea upande mmoja wa barabara, hakutembea katikati, akiacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwake, na alipofika penye madirisha mengi aliinua kichwa, akatazama mapazia.

Mwaka 2017 halmashauri ilitangaza kwamba mashindano yanahamishiwa kwenye uwanja maalumu uliojengwa nje ya mji, kwa sababu wakazi wamechoka na kelele na msongamano, na watu walidhani Mfuniko angepinga, lakini alisimama kwenye mkutano akasema, "Wana haki. Barabara ni ya watu, sisi tulikuwa tunaiazima," akaketi. Alistaafu tarehe 3 Machi 2018, akiwa na miaka sitini, akapewa saa ya ukutani na maneno mazuri.

Kuanzia hapo ndipo hamu ilipomwingia, nasi nyumbani tuliiona bila kujua tuiite nini. Mwezi wa tano ukifika, Alhamisi alasiri, alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kukaa kwenye mgahawa unaotazama barabara ya posta, akaagiza chai, akaitazama barabara imejaa magari kama kawaida yake mpaka chai ikapoa. Mwaka mmoja binti yake alimfuata, akamwambia, "Baba, kama unataka kutembea si tutembee, njia si ile ile?" wakatembea pembeni, kwenye njia ya waenda kwa miguu, wakipishana na watu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakasukumwa na mabegi, na walipofika njia panda ya kwanza akasimama akasema, "Hapana, mwanangu. Pembeni watu hawatembei wawili." Akarudi nyumbani. Binti anasema siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba baba hakuwa akiyatamani magari hata kidogo, alitamani kutembea tena pale katikati, mara moja tu, mahali alipotembea na mama yao, na kwamba jambo hilo halikuwa katika uwezo wa mtoto kumpa mzazi wake, kwa kuwa hakuna anayeweza kuusimamisha mji kwa ajili ya mtu mmoja.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2022, miguu ikivimba na pumzi ikikata akipanda ngazi, na tarehe 11 Agosti mwaka huo madaktari walithibitisha kwamba moyo wake umechoka na hausukumi damu inavyopasa, wakampa dawa, wakamzuia chumvi, jambo alilolilalamikia kuliko ugonjwa wenyewe, na kila alipolazwa na kuruhusiwa alirudi nyumbani akiwa mwepesi zaidi kwa kukonda.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 zikaja habari kwamba ule uwanja wa nje ya mji umebomoka upande mmoja kwa mafuriko, na kwa mwaka huu tu mashindano yatarudi kwenye barabara za mjini. Kaka yetu alisikia redioni, akaomba redio iongezwe sauti, kisha akaomba izimwe, na kuanzia siku hiyo alikunywa dawa kwa saa yake bila kukumbushwa, akaacha kuomba chumvi, akaanza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, akishika ukuta, na alipoulizwa alisema ananyoosha miguu.

Mwezi wa tano ulipokaribia, daktari alisema asitoke nje ya ua, na watoto wakasimama upande wa daktari, kwa kuwa walimpenda na waliogopa kumpoteza njiani. Binti alimwambia, "Baba, daktari kakukataza kutembea." Akajibu, "Kanikataza kutembea haraka. Mimi lini nilitembea haraka?" Mwanawe akamwambia watamletea picha kwenye simu, aone kila kitu, naye akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeleta mwavuli mahali pasipo mvua. Hakugombana nao, na hilo ndilo lililowashinda, kwa sababu mzee anayegombana unaweza kumjibu, lakini huyu alikaa tu, akakunywa dawa zake, akasubiri ruhusa ya watoto wake kama mtoto anavyosubiri ruhusa ya wazazi. Siku tatu kabla, daktari mwenyewe alipokuja kumpima, alimwuliza anataka kwenda umbali gani, naye akasema, "Mpaka nitakapochoka," na daktari, Mungu ambariki, akavua miwani, akasema aende, lakini kiti kichukuliwe, dawa ya chini ya ulimi iwe mfukoni, na asizunguke njia nzima.

Basi Alhamisi, tarehe 22 Mei 2025, saa kumi alasiri, barabara zikiwa zimefungwa na kimya, kaka yetu aliingia kupitia uwazi wa mwisho wa ukuta, mwanawe upande mmoja, binti yake upande mwingine, na mdogo wake huyu anayesoma akifuata nyuma na kiti cha plastiki. Wafanyakazi wapya, ambao wengi hawakumjua, walisogea wampishe, na Taratibu, ambaye naye sasa anatembelea fimbo, akamwita kutoka mbali, "Wewe, umehakikisha kreni imetoka?" naye akacheka mpaka tukamsimamisha apumue. Alitembea katikati. Hakugonga mfuniko wowote, aliipita kama mtu anayewapita watoto waliolala, na kila baada ya mwendo mfupi tuliweka kiti, akaketi, akainuka.

Tulipofika mbele ya uzio wa posta, penye ukuta mfupi wa mawe ambao sisi hatukuwahi kuutilia maanani, aliona tunaweka kiti akatukataza kwa mkono, akauonyesha ule ukuta, akasema, "Mama yenu hapa huwa anavua viatu." Hakusema alikuwa, alisema huwa. Akaketi mwisho wa ukuta, akaacha nafasi pembeni yake, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuikalia, tukabaki tumesimama katikati ya barabara tupu, jua likiteremka kwenye madirisha, na mahali fulani juu mtu alikuwa akiosha vyombo. Alikaa hapo muda mrefu, uso umetulia, akiitazama lami iliyo mbele ya ule ukuta, mpaka kipaza sauti kikatangaza kwamba watu waanze kutoka njiani. Binti yake akainama kumshika mkono. Akasubiri kidogo, kisha akasema, "Haya, twendeni. Ameshapumzika." Hatukuendelea mbele, tulirudi naye nyumbani.

Jumapili alisikia magari akiwa kitandani, akaomba dirisha lifungwe apate kulala, na Jumatatu alfajiri hali ilibadilika, akapelekwa hospitali, akawekewa hewa, akapata nafasi ya kuwaombea watoto na wajukuu wake mmoja mmoja, na kumwuliza muuguzi wa zamu kama pundamilia ya mbele ya hospitali imesharudishwa, muuguzi akaenda kuangalia dirishani, akamwambia imesharudi. Kaka yetu aliaga dunia siku ya Jumatano, tarehe 28 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, binti yake ameushika mkono wake wa kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka hii mitatu, na kwa namna ya pekee daktari wake, ambaye alimtibu moyo kwa dawa na kwa ruhusa, inawashukuru majirani waliokuwa wakimletea chakula kisicho na chumvi na kukila pamoja naye ili asikile peke yake, inawashukuru wafanyakazi wa idara ya barabara, wa zamani na wa sasa, waliobeba jeneza leo na waliosimamisha magari ili tupite, inamshukuru mzee wetu Taratibu, ambaye amekuwa kwetu zaidi ya ndugu, viongozi wetu wa dini waliokuja nyumbani kila walipoitwa na hata wasipoitwa, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu, kwa kuwa hatuwezi kuwataja mmoja mmoja, pokeeni shukrani zetu na Mungu awarudishie.

Ee Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa, tulikuomba utuachie kidogo, nawe umeona vema kumchukua, hatuna la kukulaumu. Msamehe alipokosea, mlipe kwa kila hodi aliyobisha, watie nguvu watoto wake usiku na mchana, na mwenzake aliyemtangulia, aliyemkosa miaka yote hii, umjalie amwone, wasitenganishwe tena. Kaka, kazi yako duniani imefika mwisho, nasi tunakuacha mikononi mwa aliyekuumba. Mungu akupe utulivu wake, leo na milele. Amina.